Hati ya Binti na Adili ya Mwana: Juu ya Mizani Mbili za Malezi

Kiswahili kina neno moja liwafaalo mtoto wa kike na mtoto wa kiume: wote wawili ni mwana. Sarufi yetu haiwatengi. Kiwakilishi chao ni kimoja, kiambishi chao ni kimoja, na mtu asikiaye habari kwamba mtoto amezaliwa, amelia na amenyonya, hawezi kujua kwa maneno hayo kama aliyezaliwa ni binti au mvulana mpaka aulize. Methali zetu za malezi nazo zafuata desturi hiyo ya lugha. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, wasema wahenga. Samaki mkunje angali mbichi. Hapana methali isemayo kwamba samaki jike akunjwe na samaki dume aachwe anyooke apendavyo. Laiti tungalilea kama tunavyosema, makala haya yasingalikuwa na sababu ya kuandikwa.

Lakini lugha ina vyumba vingi, na usawa ulio sebuleni si lazima uwe jikoni. Watoto hawa wawili wafikapo umri wa kupevuka, maneno huachana njia. Mvulana hubaleghe, na neno hilo asili yake ni Kiarabu, maana yake ni kufika. Msichana huvunja ungo. Mmoja amefika, mwingine amevunja. Sidai kwamba waliozitunga semi hizi walikusudia kumheshimu mmoja na kumlaumu mwenziwe, maana ungo una heshima yake katika nyumba ya Mswahili, na semi huzaliwa kwa njia zisizojulikana. Nasema hivi tu: msemo huo wampokea msichana katika utu uzima kwa mfano wa chombo cha kazi ya nyumbani, na chombo chenyewe kimekwisha kuvunjika. Yafuatayo baada ya neno hilo yaafikiana nalo sana.

Nyamwage ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Iko kusini ya mto Rufiji, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Kibiti na Ikwiriri kwenda Lindi, mahali inapochepuka njia ya kwenda Utete. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 mto si kizuizi tena, na mabasi na malori hupita mchana na usiku. Huko, kama katika nchi yote ya Warufiji na Wandengereko, malezi hayakuachwa kamwe yajiendee yenyewe. Mvulana alikuwa na jando lake, ngariba wake na kumbi yake. Msichana alikuwa na unyago wake, kungwi wake na kipindi chake cha kuwekwa ndani. Shule mbili hizi zilikuwa za kale kabla ya shule ya serikali, na mtu azidharauye hajui lolote juu ya elimu ya pwani. Hata hivyo, hebu tuzitazame ratiba zao. Mvulana hutolewa nyumbani akapelekwa porini, na arudipo hupewa chumba cha nje, aingie na kutoka bila ya kuulizwa. Msichana hutolewa uwanjani akatiwa ndani, na atokapo huwa ameandaliwa mume. Elimu ya mmoja humfungulia mlango na elimu ya mwenziwe humfungia.

Msimu wa mpunga nao waonyesha jambo lilo hilo. Wazazi wengi wa Rufiji huhamia mashamba ya bondeni, wakakaa katika madungu kulinda mimea yao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Watoto wasomao shule mara nyingi huachwa kijijini. Katika nyumba iliyoachwa hivyo, kaka na dada walio darasa moja hurudi saa ile ile, wamechoka sawasawa. Dada huchukua ndoo, huwasha moto, huosha vyombo. Kaka huuliza kama chakula ki tayari. Hapana mtu aliyesimama akamfundisha kuuliza hivyo. Amefunzwa na kimya cha wote waliomzunguka. Mtihani wao utakapokuja utakuwa mmoja, na alama zao zitakapolinganishwa watu watasema kwamba wavulana wana akili ya hesabu.

Mimi ni mwalimu wa fasihi, si mwanasheria wala mganga wa jamii, na sina haki ya kuzungumza juu ya mambo haya ila kwa njia ya vitabu. Kwa bahati vitabu vyetu vimezungumza. Hapana shaka kwamba wasia wa malezi ni moja ya mbari kongwe na tukufu za ushairi wa Kiswahili. Katika makala haya nataka kuzisoma kazi za waandishi watatu kwa swali moja: ni nini alichofundishwa binti, na ni nini alichofundishwa mwana?

Mama wa mbari hii ni Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa wa maradhi ambayo yalimwondoa duniani baada ya muda mfupi, na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufa. Kwa hiyo utendi huu ni maneno ya mjane ajuaye kwamba mtoto wake karibu atabaki peke yake. Werner na Hichens walipoutoa kwa Kiingereza mwaka 1934 waliupa jina lililoufanya kuwa mashauri juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo wengi wameusoma kwa miwani hiyo. Twajua yaliyomo. Binti aambiwa kwamba anahitaji radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Aambiwa amtumikie mume kwa upole, amtunze kama mtoto mchanga asiyejua kusema, ampendeze kwa usafi na mapambo, asitoke nje bila ya idhini yake. Siku ya kiama neno la mume litakuwa na uzito katika kuamuliwa njia yake.

Wako waliouchukia utendi huu kwa sababu hizo, na wako walioutetea. Ann Biersteker mwaka 1991 alionyesha kwamba waweza kusomwa kwa jicho la kejeli: mume afananishwaye na mtoto mchanga si mfalme mkubwa sana, na mwanamke ajuaye kumlaza na kumwamsha ana ufunguo wa nyumba mkononi. Hoja hiyo ni nzuri na yatusaidia kumheshimu mtungaji. Walakini haiondoi mzigo. Hata tukikubali kwamba mke ana hila na mume ni mtoto, bado kazi yote ya kuitunza amani ya nyumba imewekwa juu ya kichwa kimoja. Mume katika utendi huu hafunzwi kitu. Yuko kama jua au mvua, yaani jambo la kupimwa, kutabiriwa na kukabiliwa kwa busara. Hapana atarajiaye kwamba jua litajirekebisha.

Na bado kuna kitu katika mwanzo wa utendi ambacho wasomaji hukipita upesi. Mama amwita binti akae karibu naye na achukue wino na karatasi. Utendi unaosemwa kuwa wa kumfungia mwanamke ndani waanza kwa kumpa kalamu. Mwana Hashima alijua kuandika, na mama yake alijua kutunga, na mwisho wa kazi wanawake wengine waalikwa kuisoma. Yamkini mama huyu alimwachia binti yake urithi wa namna mbili: kwa maneno alimwachia utii, na kwa mfano alimwachia sauti. Desturi iliyomfuata iliyahifadhi maneno na kuusahau mfano.

Karibu miaka 90 baadaye, baba mmoja alifanya jambo ambalo kwa mhakiki ni kama zawadi. Shaaban Robert, aliyefiwa na mkewe Amina, alibaki na watoto, binti Mwanjaa na mwana Hussein. Akamtungia binti utenzi uitwao Hati, na mwana akamtungia utenzi uitwao Adili, nazo zote mbili zasomwa pamoja na habari za maisha yake. Mtungaji ni mmoja, bahari ni moja, mapenzi ni yale yale, na msiba uliowasukuma ni mmoja. Tofauti iliyobaki ni ya mtoto aandikiwaye. Ni nadra fasihi kutuwekea mizani iliyo safi namna hii.

Tukizisoma sambamba, jambo la kwanza la kusema ni la sifa. Baba huyu hakumnyima binti wasia. Katika zama ambazo wazazi wengi waliona kumsomesha msichana ni kumwagilia shamba la jirani, yeye alimkalisha binti yake kwenye kiti ili aandike. Zote mbili zaanza na Mungu, zote zataka heshima kwa wazazi, zote zachukia ulimi mbaya na uvivu. Huu ndio utu ambao Shaaban Robert aliuhubiri katika kazi zake zote, na hapa hakumpa mmoja zaidi ya mwingine.

Lakini njia zaachana mahali pale pale zinapoachana Nyamwage. Hati yamwelekeza binti kwa mume na nyumba, ikifuata nyayo za Mwana Kupona kwa uaminifu. Adili yamwelekeza mwana kwa watu na utawala, kwa kazi na jina jema mbele ya umma. Binti ataishi mbele ya macho ya mtu mmoja na mwana mbele ya macho ya ulimwengu. Mtu aweza kujibu kwamba mshairi aliwaandaa watoto wake kwa maisha yaliyokuwapo, wala si kwa maisha yasiyokuwapo, na jibu hilo ni la haki. Baba amtayarishaye mwanawe kwa mvua halaumiwi kwa kuwa mawingu yapo. Lawama yetu si ya mshairi. Ni yetu sisi tuzisomeshao tenzi hizi mbali mbali, Hati kwa wasichana na Adili kwa wavulana, kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni zikiwa na anwani.

Nawapendekezea walimu wenzangu jaribio moja. Wabadilishane watoto. Hussein apewe Hati, na Mwanjaa apewe Adili. Kila ubeti usomwe upya kwa mpokeaji mpya, na darasa liulize: je, ubeti huu umevunjika? Watagundua kwamba sehemu kubwa haikuvunjika. Mambo ya ibada, ukweli, usafi, subira na ulimi mwema humfaa yeyote. Msichana apewaye maneno ya Adili juu ya kazi na jina jema hapungukiwi na kitu, bali huongezeka. Mvulana apewaye maneno ya Hati juu ya upole na utunzaji wa nyumba huongezeka vile vile. Beti chache zitavunjika, na hizo ndizo za kuchunguzwa. Ubeti usioweza kuhama kutoka kwa binti kwenda kwa mwana bila ya darasa kucheka haumfundishi mtu adili. Wamfundisha cheo chake. Kicheko hicho chenyewe ni somo, na mwalimu mwema hatakizima upesi.

Mwandishi wa tatu alituonyesha mwisho wa njia hii. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, nacho kitabu hicho kilikatazwa shuleni kwa muda kwa kuwa kilisema waziwazi. Mahali pake ni Ukerewe, wala si Rufiji, na watu wake ni Wakristo, si Waislamu. Jambo hili lafaa kukumbukwa na wale wapendao kusema kwamba mizani mbili ni za dini fulani. Zakaria, baba wa Rosa, ni mlevi ambaye hajiwekei mpaka wowote, lakini binti yake humwekea mpaka wa chuma. Barua ya mvulana, Charles, yatosha kumpatia Rosa kipigo. Hapana mtu amwambiaye Rosa mapenzi ni nini, wala mwanamume mwongo hujulikana kwa dalili gani. Aambiwa tu kwamba asikaribie. Akipata uhuru wa chuo, mbali na fimbo ya baba, hana silaha ya ndani, kwa kuwa maisha yake yote alilindwa kwa ukuta wala hakufundishwa kujilinda. Wanaume wenye umri na vyeo wamtumia na kwenda zao.

Kisha Charles amrudia, na hapa ndipo kitabu kinapokata kama wembe. Charles aliyemwandikia barua ile ya kwanza amtaka Rosa awe bikira, na aonapo sivyo, amwacha. Rosa ajiua. Charles baadaye amwoa Stella, mdogo wa marehemu. Haulizwi na mtu yeyote juu ya usafi wake yeye. Kezilahabi hakuhitaji kuhubiri, maana alipanga tu matukio kwa utaratibu wao wa kila siku, na utaratibu huo ukajishitaki wenyewe. Mwishoni baba na binti washitakiana mbele ya Mungu. Wahakiki wengi wamebishana kama kosa ni la Rosa au la Zakaria. Naona mshitakiwa wa tatu hakuitwa barazani: malezi yaliyomfanya Charles aamini kwamba yeye ni mpimaji na kamwe si mpimwa.

Sheria nayo ni utungo, na mhakiki ana ruhusa ya kuisoma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwaka ule ule wa Rosa Mistika, iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na umri wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa mwanamke, na mahakama iliweza kuruhusu hata kwa aliyefika 14. Tarehe 8 Julai 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwezi wa Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaishikilia hukumu ile. Moja ya hoja za utetezi ilikuwa kwamba tofauti ya umri ilikusudiwa kumlinda msichana. Ni hoja ya Zakaria: ukuta kwa jina la ulinzi. Na katika elimu, kanuni ya mwaka 2002 ilifungua njia ya kumfukuza mwanafunzi kwa makosa ya maadili na kwa kuingia katika ndoa, na kwa miaka mingi wasichana wapatao mimba walifukuzwa chini yake, mpaka mwezi wa Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba waweza kurudi shuleni. Upande wa pili, badiliko la sheria la mwaka 2016 liliweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mimba mwanafunzi. Tazama, basi, jinsi mvulana anavyolelewa: hafundishwi neno moja nyumbani juu ya wajibu wake kwa msichana, kisha jela yamngoja ikiwa imefungua kinywa. Kumwacha mtoto bila ya mafunzo halafu kumwadhibu kwa ujinga wake si upendeleo. Mizani mbili zamdhulumu binti kwa kumzidishia na mwana kwa kumpunguzia.

Pengine mtu wa Rufiji atasema kwamba malezi ya kwetu yalitoa wanawake imara, na atamtaja Bibi Titi Mohamed. Atakuwa amesema kweli, lakini mfano huo wahitaji kusomwa wote. Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma kidogo, akawekwa ndani alipopevuka, akaozwa angali mdogo. Hayo ndiyo malezi ya Hati. Kilichomfanya kiongozi ni ngoma: chama cha wanawake alichokiongoza kwa sauti yake kabla TANU haijamwita mwaka 1955. Wanawake walijuana, walichangiana, waliitana, na siasa ilipofika iliwakuta wamekwisha kujipanga. Rufiji ilimwona akiwa mbunge, na Rufiji ilimnyima kura mwaka 1965. Somo lake kwetu ni la namna mbili. Wanawake hawakungoja ruhusa ili wajifunze uongozi. Walijifunza katika uwanja ambao wanaume waliudhani ni wa mchezo. Kwa hiyo unyago na ngoma si vitu vya kufutwa kwa wino mwekundu. Ndani yake mna chuo cha umoja ambacho wavulana wetu hawana kifanani chake. Kungwi aliyeweza kumfunza mwali kumjua mume aweza kumfunza kujijua mwenyewe, na nyakanga wa jandoni aliyeweza kumfunza kijana kuvumilia kisu aweza kumfunza kuosha sufuria. Kisu ni kigumu zaidi.

Jambo hili si letu peke yetu. Pakistani, Ziauddin Yousafzai, baba wa Malala aliyepigwa risasi mwaka 2012 kwa ajili ya kutetea shule za wasichana, amesema mara nyingi kwamba fahari yake si kwa jambo alilomfanyia binti yake, bali kwa jambo ambalo hakulifanya: hakumkata mbawa. Wasichana wa nchi ile hulalamika kwamba kaka zao hurudi nyumbani usiku wa manane bila ya kuulizwa, na wao huulizwa hata wakichungulia dirishani. Mlalamikaji wa Lahore na mwali wa Nyamwage hawajaonana, lakini wangeketi mkeka mmoja wasingehitaji mkalimani mrefu.

Nirudi katika fasihi, maana huko ndiko niliko na mamlaka kidogo. Tunayo hazina ya wasia kwa binti: jinsi ya kuwa mke, jinsi ya kusema, jinsi ya kuketi, jinsi ya kunyamaza. Wasia wa kumfunza mwana jinsi ya kuwa mume ni haba mno. Adili ilimfunza kuwa raia. Jando lilimfunza kuwa mwanamume. Ni nani amfunzaye kuwa mwenzi? Pengo hili ni la ushairi kabla ya kuwa la jamii, na washairi wetu wa leo wanao wajibu wa kuliziba. Nangoja utenzi wa mama amwitaye mwanawe wa kiume akae karibu, achukue wino na karatasi, aandike jinsi ya kuuguza, kupika, kuomba radhi na kurudi nyumbani mapema. Nangoja pia utenzi wa baba amwambiaye binti kwamba jina lake jema halimo katika mikono ya mtu mmoja.

Mpaka hapo mwalimu wa Kiswahili anayo kazi iliyo karibu zaidi. Asiwafiche wanafunzi wake Mwana Kupona, wala asimtukane Shaaban Robert kwa makosa ya zama zake. Awape wote vitabu vyote. Mvulana asome Hati mpaka ajue ni mzigo gani dada yake aliotwishwa, na msichana asome Adili mpaka aone kwamba hapana neno ndani yake ambalo hawezi kulitimiza. Wakirudi nyumbani jioni ile, na wazazi wako bondeni, ndoo itakuwa mahali pake pa siku zote. Atakayeiinua kwanza ndiye atakayekuwa ameuelewa utenzi.